Mpini wa Jembe Nao Una Saizi

Geuza raketi ya tenisi utazame kitako chake, pale chini kabisa mkono unapoishia. Mara nyingi utakuta tarakimu moja ndogo: 1, 2, 3 au 4. Tarakimu hiyo inataja unene wa mahali pa kushika, na mchezaji anayejua kazi yake hainunui raketi kabla ya kuisoma. Rafael Nadal, aliyetwaa ubingwa wa Ufaransa mara 14, alishika namba 2. Mpinzani wake Roger Federer alishika namba 3. Kutoka namba moja hadi inayofuata, mzingo wa mpini huongezeka kwa sehemu moja ya nane ya inchi, yaani kama milimita 3. Ukiitafuta tofauti hiyo katika kipenyo, unapata milimita 1 tu. Kwa ajili ya milimita 1, viwanda hutengeneza raketi ile ile kwa saizi 4 au 5, ili mtu atakayecheza kwa saa 2 asirudi nyumbani akiuguza mkono.

Hapa Kasese, Uganda, wenye raketi ni wachache. Wenye jembe ni karibu kila nyumba, kuanzia mashamba ya kahawa ya Kyarumba na Kyondo kule juu, hadi pamba na mahindi ya tambarare, hadi mihogo na maharage ya Bwera na Karambi karibu na mpaka wa Kongo. Fanya hesabu. Tuseme jembe linashuka mara 20 kwa dakika. Kwa saa 3 za asubuhi limeinuliwa mara 3,600, na kesho litainuliwa tena, na wiki nzima ya kupalilia hivyo hivyo. Wachezaji wa tenisi wanaopiga mipira mingi namna hiyo kwa siku, tena juu ya mawe, ni wa kutafuta. Lakini mkulima huyu hajawahi kuulizwa na mtu yeyote: mkono wako una ukubwa gani?

Ninachotaka kukushawishi ni kwamba swali hilo lina jibu, jibu lenyewe linapatikana kwa uzi wa shilingi chache, na kulipata ni kazi ya dakika 5.

Tazama mipini inavyopatikana. Baba anaingia kwenye kijishamba chake cha mikaratusi, anakata kijiti kilichonyooka, anakichonga ncha hadi kiingie kwenye tundu la jembe, anagonga chini mara mbili tatu, basi. Ameshika, ameona kinamfaa. Au fundi amekata mipini mingi kwa mkupuo, ameifunga mizigo, ameileta sokoni Mpondwe, na aliyeijaribu unene ni yeye mwenyewe kwa mkono wake mwenyewe. Kisha jembe hilo anapewa mama wa nyumbani, ambaye mkono wake ni mdogo, na ndiye atakayelishika muda mrefu kuliko wote. Jioni vidole havifungiki sawasawa, asubuhi kiwiko kinauma anapoinua sufuria, na watu husema ni kazi tu, ni uzee, ni baridi ya mlima. Wakati mwingine ni kweli. Mara nyingi nadhani ni mpini.

Mpini mnene kupita kiasi unafanya hivi. Vidole havizunguki vikakaribiana na kidole gumba, kwa hiyo mkono haufungi; unabana kwa ncha za vidole. Ncha za vidole hazina nguvu ya kiganja, basi misuli ya kigasha, ile inayopita juu ya mkono kutoka kiwiko hadi kifundo, inakaza muda wote kufidia. Inakaza jembe linapopanda, inakaza linaposhuka, haipumziki hata kati ya pigo na pigo. Mpini mwembamba kupita kiasi una dhambi tofauti. Vidole vinazunguka vikapita kiasi, kucha zinachoma kiganja, na kijiti kinajizungusha ndani ya mkono. Hapo ndipo milima yetu inapoongeza adhabu. Udongo wa miteremko ya Rwenzori umejaa mawe. Jembe likigonga jiwe kwa kona yake moja, bapa linapinduka, na mpini unazunguka. Mpini mwembamba hauupi mkono nafasi ya kuzuia mzunguko huo, kwa hiyo mkulima anajifunza kuubana kwa nguvu zote kabla ya kila pigo, akilisubiri jiwe. Kwa njia mbili zilizo kinyume, mpini mnene na mpini mwembamba hufika mahali pamoja: misuli iliyokazwa saa 3 mfululizo.

Maumivu yanayotokea pale kwenye mfupa wa nje wa kiwiko, Wazungu waliyapa jina la mchezo wa tenisi, ingawa wagonjwa wake wengi hawajashika raketi maishani. Ni mafundi wa rangi, maseremala, wachinjaji, wafua nguo, wakulima. Jina hilo limeutia ugonjwa sura ya starehe za watu wenye nafasi, na naamini limetufanya tusiwaangalie wanaougua karibu nasi.

Sasa uzi. Chukua uzi usionyumbuka. Wa katani ni mzuri, ukambaa mkavu wa mgomba pia unafaa. Fungua mkono unaoutumia zaidi, vidole vimenyooka na vimekaribiana. Kwenye kiganja utaona mistari 3 mikubwa: mmoja unauzunguka mzizi wa kidole gumba, mmoja uko juu karibu na vidole, na mmoja unakatiza katikati. Weka mwanzo wa uzi kwenye huo wa katikati, chini ya kidole cha pete, kisha unyooshe hadi ncha ya kidole hicho. Kata hapo. Huo ndio urefu wanaopima wachezaji wa tenisi kabla ya kuchagua namba, na kwa watu wazima wengi unaangukia kati ya inchi 4 na inchi 4 na nusu, au zaidi kidogo. Tuseme sentimita 10 hadi 12.

Uzi huo uzungushe kwenye mpini, mahali mkono wako unaposhika. Ncha zake mbili zikikutana, mpini ni wako. Zikiachana kwa nafasi ndogo, hakuna neno. Zikiachana kwa upana wa kidole, mpini ni mnene kwako. Uzi ukizunguka ukapishana kwa upana wa kidole, ni mwembamba. Huhitaji kujua mzingo ni nini wala kipenyo ni nini, na mama asiyesoma tarakimu anaweza kuufunga uzi wake kwenye pindo la kitenge akaenda nao sokoni.

Kama uzi haupo, kuna kipimo cha pili, nacho pia ni cha wachezaji. Shika mpini kama unavyolima. Kwa mkono wa pili, jaribu kupenyeza kidole cha shahada kwenye nafasi iliyobaki kati ya ncha za vidole vyako na nyama ya chini ya kidole gumba. Kidole kikiingia vizuri, bila kusukuma, unene ni sawa. Kisipoingia, mpini ni mwembamba. Kikicheza humo ndani, ni mnene. Mimi naupenda zaidi uzi, kwa sababu uzi hausahau, na kidole cha mtu aliyeshalipenda jembe fulani huwa kinaingia hata pasipo nafasi.

Huenda ukajiuliza kama kipimo cha mchezo kinaweza kuaminiwa shambani. Mwaka 2004, taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia usalama wa wafanyakazi, NIOSH, ilitoa mwongozo wa kuchagua zana za mkono. Kwa zana zinazotaka nguvu, ilipendekeza mpini wenye kipenyo cha inchi 1 na robo hadi inchi 2, yaani kama milimita 32 hadi 51. Mipini ya raketi za watu wazima, ukigeuza mizingo yake kuwa vipenyo, inaanzia milimita 32 na kuishia kama 37. Kwa hiyo raketi imekaa ndani ya mwongozo huo, upande wa wembamba, na upande huo ndio unaohusu mikono midogo na ya wastani. Mwanamume mwenye kiganja kikubwa anaweza kusogea juu, hadi milimita 40, bila shida.

Lakini tusifanye uzi kuwa sheria ya Musa. Mwaka 2006, madaktari wa Marekani walichapisha uchunguzi waliofanya kwa wachezaji wa vyuo vikuu wenye afya. Waliwapima utendaji wa misuli ya kigasha wakipiga mpira kwa mpini wa saizi iliyopendekezwa, kisha kwa mpini uliopungua robo ya inchi, kisha kwa ulioongezeka robo ya inchi. Hawakuona tofauti ya maana. Robo ya inchi ya mzingo ni milimita 6. Basi anayekosa kipimo kwa milimita 3 au 4 asipoteze usingizi. Mimi naogopa mpini wa sokoni unaomzidi mtu kwa sentimita 3 nzima, au kijiti cha mti wa kahawa alichookota mtoto kinachompungukia kwa kiasi hicho hicho. Hiyo ndiyo mipini ninayokuomba uiondoe nyumbani.

Katika kununua, sheria ya raketi na sheria ya jembe zinapishana, na ni vizuri kuelewa kwa nini. Muuza raketi atakuambia: ukiwa kati ya saizi mbili, chukua ndogo, kwa kuwa raketi ya leo inaweza kuongezwa unene kwa kuviringishiwa utepe, lakini kuipunguza ni taabu. Mpini wa mti ni kinyume. Mti unapungua kwa kisu, hauongezeki. Basi ukiwa kati ya mipini miwili, chukua mnene, kaa nao jioni moja barazani, uuchonge hadi uzi ukubali. Tumia kisu, kisha kipande cha chupa iliyovunjika, ukikwangua nacho kwa upole kuelekea upande mmoja, huku umekifunga kitambaa upande unaoshika. Malizia kwa msasa wa dukani, au kwa majani ya mti wa msasa wenyewe, yanayokwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Usipake vanishi. Vanishi inapendeza machoni siku ya kwanza, lakini inateleza kwa jasho na kuleta malengelenge. Mti uliolainishwa ukaachwa wazi unajing'arisha wenyewe kwa mkono wa mwenyewe. Na oili chafu ya injini, ambayo wengine huipaka ili mchwa wasiule, iache kabisa mahali unaposhika. Ina sumu zinazoingia kwenye ngozi, na mkono huo huo utamlisha mtoto.

Ukichonga, usichonge duara kamili. Tazama tena raketi: mpini wake una pande 8, na kazi ya pande hizo ni kukijulisha kiganja, bila macho, uso wa raketi umeelekea wapi. Shoka nalo lina mpini wa umbo la yai. Jembe linastahili heshima hiyo hiyo. Ukiupunguza mpini kidogo zaidi kwenye mbavu zake mbili, ukauacha mnene kidogo kuelekea upande wa bapa, mkono utaujua mwelekeo wa jembe wenyewe, na jiwe litakapolipindua bapa, mpini hautazunguka kirahisi. Hili ni jambo dogo ambalo sijaona mpini wa sokoni ukilijali, na ukilifanya mara moja hutarudi kwenye duara.

Kumbuka pia kwamba jembe linashikwa kwa mikono miwili yenye kazi tofauti. Mkono wa nyuma, ulio karibu na kitako, umetulia mahali pamoja. Huo ndio unaobana na kuvuta. Mkono wa mbele unateleza: unapanda karibu na jembe linapoinuliwa, unarudi nyuma linaposhuka. Basi uzi uuzungushe kwanza pale pa mkono wa nyuma. Sehemu ya mbele inaweza kuwa nene kidogo, mradi ni laini kabisa, bila kinundu wala gamba. Na kama mpini ni mwembamba na huna mwingine, unaweza kuuongeza kwa vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli ukiviringisha vizuri, lakini viringisha pale pa mkono wa nyuma tu. Ukiviringisha pale mkono wa mbele unapoteleza, mpira utashika ngozi na kuichuna, na kabla ya mchana una malengelenge manne. Acha uvimbe mdogo mwishoni kabisa mwa mpini, kama raketi ilivyo na kitako kilichotokeza. Uvimbe huo unauzuia mkono wenye jasho usiteleze ukatoka, hivyo vidole havihitaji kubana sana.

Kuhusu mti, mengi mnayajua kuliko mimi. Msambya ni mti mwema kwa mipini na wazee wanaujua. Mpera ni mgumu na hauvunjiki kirahisi, ila kupata tawi lililonyooka kunataka subira. Mkaratusi unapatikana kila mahali na una nguvu, lakini ukikaushwa juani kwa haraka hupasuka kwa urefu, na ufa huo ndio unaobana ngozi ya kiganja. Mparachichi usijisumbue nao. Mti wowote utakaouchagua, angalia nyuzi zake: zinapaswa kwenda sambamba na mpini kutoka kichwani hadi kitakoni. Nyuzi zikikatiza kwa mshazari, mpini utavunjika hapo, na utavunjika siku ambayo umeuinua. Tafuta mti wa shambani kwako au wa jirani aliyekubali. Msitu ulio ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Rwenzori, iliyoanzishwa 1991, unalindwa kwa sheria, na mpini haufai kukupeleka mahakamani.

Ukaushe kivulini, umeulaza juu ya viegemeo ili usipinde, kwa wiki kadhaa. Hapa wengi tunakosea kwa haraka ya msimu. Mpini mbichi ukiingizwa kwenye tundu unakaza siku hiyo, kisha unasinyaa, na jembe linaanza kucheza. Mtu analitumbukiza kwenye ndoo ya maji usiku, asubuhi limekaza, adhuhuri linacheza tena. Jembe linalochomoka kwenye mteremko linaruka kuelekea chini, na chini ndiko waliko wengine wanaolima. Tumia mti mkavu, kabari ngumu, na kipande cha mpira kwenye tundu. Kabla ya kila asubuhi ya kazi ligonge jembe mara moja na usikilize. Sauti ikiwa ya kupwaya, usianze.

Tumefika kwenye urefu, na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu urefu una historia ya uchungu.

Huko California, Marekani, vibarua wa mashamba ya letusi na viazisukari walilazimishwa miaka mingi kutumia jembe lenye mpini usiozidi sentimita 60. Walilima wakiwa wamekunjika kutwa nzima. Wenye mashamba walisema mpini mfupi unamfanya kibarua aione miche vizuri. Vibarua walisema unamfanya msimamizi amwone kwa urahisi aliyesimama kupumzika. César Chávez, aliyekuja kuwa kiongozi wa wafanyakazi wa mashambani, alilitumia jembe hilo na mgongo wake ulimsumbua baadaye. Vibarua walikwenda mahakamani, na mwaka 1975 Mahakama ya Juu ya California iliamua kwa upande wao. Jembe hilo fupi likapigwa marufuku. Kwa mara hiyo moja, watu wenye elimu ya sheria na udaktari walikaa wakajadili urefu wa mpini kama jambo zito la afya ya binadamu, na wakaona kwamba ni zito.

Kwetu hakuna msimamizi anayemlazimisha mtu. Kuna desturi, na desturi nayo ina macho. Mwaka 1998, IFAD na FAO zilitoa ripoti kuhusu zana za wakulima wanawake katika nchi 5 za Afrika, Uganda ikiwa mojawapo. Miongoni mwa mambo waliyoyaona ni kwamba, katika baadhi ya maeneo, mwanamke anayelima akiwa amesimama wima kwa mpini mrefu huonekana mvivu. Maneno hayo yanafanya kazi ya yule msimamizi. Ukiwa mkwe mpya katika boma la watu, utachukua mpini mfupi na kuinama, mgongo ukubali usikubali. Nawaomba akina mama wakwe wanaosoma makala hii, na akina baba pia, waliseme jambo hili kwa sauti nyumbani kwao: kusimama si uvivu. Ekari iliyolimwa na mtu aliyesimama ni ekari kamili.

Hata hivyo siwezi kukupa urefu mmoja, kwa sababu Kasese ina nchi mbili. Kwenye tambarare, simamisha mpini kando yako: kitako chake kifike kati ya kitovu na kifua. Hapo utapalilia pamba na mgongo ulioinama kidogo tu. Kwenye miteremko mikali ya Kitholhu au Ihandiro hali inabadilika. Unalima ukiwa umeuelekea mlima, ardhi imekuinukia na kukaribia mikono yako, na mpini mrefu utagonga tumbo lako kila unapovuta. Huko punguza shubiri moja, labda na nusu. Mwenye shamba juu na shamba chini awe na mipini miwili. Jembe lenyewe linaweza kuwa moja, kama mipini yote imechongwa kwa tundu lake.

Na kuna sababu moja inayowafanya wengi wajaribu mpini mrefu kwa wiki moja kisha waukatae, wakisema jembe halichimbi. Wanasema kweli. Jembe lililozoea mpini mfupi lina bapa lililokunjwa ndani, karibu na mpini. Ukisimama wima, bapa hilo halizami. Linakwangua juu juu. Mpelekee fundi chuma aifungue pembe kidogo kwenye shingo ya jembe, halafu lijaribu tena. Bila hatua hiyo, ushauri wote wa mpini mrefu ni maneno matupu, na wataalamu wengi wanaousambaza husahau kuitaja.

Watoto nao wana haki yao. Wakonzo tunawapa watoto majina kwa mpangilio wa kuzaliwa: binti wa kwanza Masika, wa pili Biira, na kijana wa pili ni Bwambale, wa tatu Masereka. Nyumba yenye watoto wengi inaweza kutumia mpangilio huo kwenye mipini. Kata alama moja kwenye kitako cha mpini wa Masika, mbili kwenye wa Biira, na wa wavulana uwekee alama upande wa juu. Kila mmoja apimwe kwa uzi wake, na apimwe upya kila mwaka wa shule, maana mikono inakua. Jembe la mtoto liwe jepesi pia. Mpini mzuri hauwezi kumsaidia mtoto wa miaka 10 aliyepewa bapa la baba yake. Kama hakuna jembe linalomfaa, apewe kazi nyingine.

Kwa wazee wenye yabisi kwenye viungo vya vidole, vunja sheria ya uzi kwa makusudi. Vidole vilivyovimba vinaumia zaidi vikifungwa sana, basi mpini uliozidi kidogo, ulioviringishiwa kitambaa laini pale pa mkono wa nyuma, utawapa nafuu. Panga sina la kusema sana: mpini wake huja umeshapigwa ribiti kiwandani, saizi ni moja, na kinachowezekana ni kuviringisha tyubu kwa mwenye mkono mkubwa. Mwenye mkono mdogo na ajaribu panga dukani kabla ya kulipa.

Ikiwa mkono umeshaanza kuuma, kubadilisha mpini ni hatua ya kwanza, si tiba nzima. Kiwiko kinahitaji wiki kadhaa za kazi nyepesi. Na kama unaamshwa usiku na ganzi kwenye kidole gumba na viwili vinavyokifuata, au vitu vinakudondoka mkononi, usiendelee kununua vidonge vya maumivu dukani. Nenda hospitali, iwe Bwera au Kasese, ueleze kazi unayoifanya na uonyeshe jinsi unavyoshika jembe. Mganga asiyejua unavyolima atakutibu nusu.

Kazi ya kukata mipini ifanye wakati wa kiangazi. Mti uliokatwa Desemba na kulazwa kivulini utakuwa tayari kwa mvua za Machi; uliokatwa mwanzoni mwa Juni utakuwa tayari kwa mvua za Agosti. Kata miwili zaidi ya idadi ya watu wa nyumbani, uiache minene, na nyuzi za kila mtu zining'inize kwenye msumari pale pale mipini inapokaukia, kila uzi na fundo zake: moja kwa Masika, mbili kwa Biira. Atakayekaa kuichonga hatahitaji kumwita mtu kutoka jikoni ili kumpima.